Mgongo Mgumu

Maji yamekupwa mpaka yamejisahau.
Leo pwani ya Marumbi unatembea
robo saa bila kulowa magoti,
majani ya bahari yamelala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa na mtu mwenye haraka.
Hapa hakuna mwamba.
Mchanga, tope, majani, tope tena.
Kiumbe kinachozaliwa bila miguu,
kinachotaka tu mahali pa kujibandika,
hakina pa kushika:
jani linapepea, linazeeka, linakatika,
na mchanga hauweki ahadi.

Kwa hiyo mwenye mgongo mgumu ndiye ardhi.

Nimemkuta karibu na shimo la kaa,
kome wa ukubwa wa ngumi yangu,
anasogea kama mtu aliyeitwa na mdai wake.
Nikamwinua. Nikahesabu, maana ndiyo tabia yangu,
kuhesabu kabla ya kisu:
chaza wawili, mmoja kafunga, mmoja mtupu;
sifongo ya rangi ya bizari
(ilipokaa, gamba limetobokatoboka);
vijibomba vyeupe vya chokaa, vimejipinda
kama mwandiko wa mtoto wa chuoni,
na ndani ya kila kimoja mnyoo mwenye shungi jekundu
aliyejivuta ndani kivuli changu kilipompitia;
uzi mmoja wa mwani;
na pembeni kabisa, dogo kuliko kifungo cha shati,
tumbawe. Tumbawe zima, na vijumba vyake.

Wote hao wanasafiri na hawajui.
Wamekaa kitako, wanakula kinachopita,
wanadhani bahari ndiyo inayosogea.

Bwana Pandu wa Mjini hataki habari hizo.
Anataka gamba ling'ae,
mgeni aliweke sikioni na asinuse kitu.
Elfu mbili kwa safi, mia tano kwa chafu.
Chafu ndilo neno lake.
Ndiyo maana nyuma ya jiko la shangazi yangu Mkasi
kuna sufuria isiyopikiwa chakula,
kuna jiki, kuna mswaki wa marehemu mumewe,
kuna mimi. Miaka sita nakwangua.
Najua sauti ya kila mmoja akibanduka:
chaza hulia tak, kavu;
sifongo hailii, inatoa harufu tu,
na harufu hiyo unakwenda nayo mpaka harusini.

Mgongo wa shangazi sijawahi kuusema.
Nilifikishwa pale nikiwa kwenye mbeleko, miezi tisa,
mama akiahidi siku mbili tatu, anakwenda Tanga mara moja.
Kabla yangu alikuwapo Vuai. Baada yangu Subira na pacha wake,
kisha mwanafunzi mmoja kutoka Wete aliyekuja kwa wiki
akakaa miaka minne, akaondoka na mke.
Hakuna aliyebisha hodi zaidi ya mara moja.
Nyumba ilisogea (deni, msiba, bati jipya, deni),
sisi tulidhani ni miaka tu inayopita.

Sasa yuko mbele yangu, kainama, kanga kaipandisha,
anachokoa tondo kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika.
Nikamwonyesha: "Shangazi, hili elfu mbili."
Akalichukua, akaligeuza, akatazama mdomo wa gamba
ambapo mwenyewe alikuwa akijikusanya ndani,
kifuniko kikifunga polepole
kama duka mchana wa Ijumaa.
Akapitisha kidole gumba juu ya tumbawe.
Hakubonyeza.

"Huyu mwache," akasema. "Kabeba."

Akamrudisha kwa mkono wake, mgongo juu
(wengine huwarusha),
akajifuta kwenye kanga,
akaendelea kuchokoa.

Kikapuni nilikuwa nao wanne wengine.
Sikuwatazama migongo.
Maji yalianza kurudi,
kwanza kwenye nyayo zetu.